Vidonda vya Tumbo

“Jackton, rudi ufungue mlango.”

“Nitarudi jioni.”

“Jioni ni mbali. Mikono inatetemeka. Nimejaribu kushika kikombe cha maji, kimeanguka.”

Jackton Obuya alikuwa amepiga magoti katika jikoni ya watu huko Kitisuru, simu ameibana kati ya sikio na bega, bisibisi mkononi. Alikuwa seremala wa kabati za jikoni, na mwenye nyumba alikuwa sebuleni akingoja kazi iishe. Akateremsha sauti.

“Cate, ulisema hivyo hivyo juzi.”

“Juzi nilikuwa nakudanganya.”

“Na leo?”

“Leo sikudanganyi.”

“Nitajuaje?”

Alimsikia mkewe akipumua haraka haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia.

“Huwezi kujua,” Cate alisema. “Hiyo ndiyo shida yetu. Lakini aki ya Mungu, rudi tu.”

“Kunywa maji, ulale. Nikimaliza hapa nakuja.”

Akakata simu, akaiweka chini, akaendelea kukaza bawaba.

Mlango wenyewe ulikuwa wa nyumba yao ya vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, Kangemi. Ulikuwa na mwingine wa vyuma kwa nje, kama nyumba nyingi za Nairobi, na huo ndio Jackton aliokuwa akiutia kufuli kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mkewe akiwa ndani.

Hawakuanza hivyo. Cate Wanjira alikuwa keshia katika duka la jumla la vitambaa pale Ngara, mwanamke mcheshi ambaye wateja walikubali kupanga foleni ndefu ili wahudumiwe naye. Jackton alikutana naye hapo alipokwenda kutafuta kitambaa cha makochi. Alirudi kesho yake kwa kitambaa ambacho hakukihitaji, na wiki iliyofuata akarudi bila hata kisingizio.

Pombe ya Cate ilianza na wenzake wa kazini, Ijumaa wakitoka. Ijumaa ikaungana na Jumamosi. Baadaye Cate akawa anakunywa peke yake, vodka ndani ya kikombe cha chai, bafuni, bomba likiwa limefunguliwa ili asisikike. Hakukuwa na msiba. Hakukuwa na mume mkorofi. Jackton alipomwuliza sababu, alijibu, “Nilipenda vile ilinifanya. Sasa siipendi na siwezi kuiacha.”

Duka likamwachisha kazi. Binti yao Ivyne, mtoto wa gredi ya kwanza, akapelekwa kwa wazazi wa Cate huko Kinoo. Wazee wale waliambiwa Cate ana vidonda vya tumbo. Kanisani waliambiwa ni vidonda vya tumbo. Mamake Jackton akipiga simu kutoka Ugenya, vidonda vya tumbo. Jackton aliurudia uongo huo mpaka ukawa unamtoka ulimini kabla hajaufikiria. Mamake Cate akawa anawatumia juisi ya kabichi kila wiki, ati inaponya.

Kisha siku moja Cate akapatikana amelala kando ya soko la Kangemi, kiatu kimoja hakipo, watu wakimruka na mizigo yao. Jackton alimbeba hadi nyumbani. Alipozinduka alilia, kisha akasema kwa kinywa chake mwenyewe:

“Nifungie. Ukiacha mlango wazi nitatoka. Mimi najijua.”

Jackton akanunua kufuli. Siku ya kwanza Cate alimshukuru. Siku ya pili alimtukana. Baada ya hapo akawa anabembeleza kwa simu, na Jackton, aliyekuwa amejiapiza asisikie, hakusikia.

Pale Kitisuru simu ililia tena. Safari hii haikuwa namba ya Cate. Ilikuwa ya jirani yao wa mlango wa pili, Kavata, mama aliyekuwa akishona sare za shule nyumbani kwake.

“Baba Ivyne, uko wapi?”

“Niko kazini. Kuna nini?”

“Mke wako ameanguka. Nimesikia kishindo, nikachungulia dirishani. Amekaza meno, mwili wote unarukaruka. Mlango una kufuli kwa nje. Ufunguo uko wapi?”

Jackton akagusa mfuko wa suruali. Ufunguo ulikuwa pale, na yeye alikuwa Kitisuru.

“Vunjeni,” alisema.

“Unasema?”

“Vunjeni mlango, Mama. Vunjeni chochote.”

Aliacha vifaa vyote sakafuni. Mwenye nyumba alimwita, hakugeuka. Akachukua bodaboda ya kwanza aliyoiona getini, na njia nzima aliiminya ile simu sikioni, akisikia nyundo ikigonga chuma na watu wakisema, “Piga hapa, hapa pamelegea.” Kisha ikakatika.

Alipofika, Cate alikuwa ameshapelekwa hospitali. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ngazi. Mlango wa vyuma ulikuwa umepindwa, kufuli bado imening'inia kwenye pete yake. Hakuna aliyemsalimu. Kavata alimfuata hadi chini.

“Sisi tulidhani hiyo kufuli ni ya kuzuia wezi,” alisema. “Kila siku napita hapo. Kumbe kuna mtu ndani?”

“Yeye mwenyewe alikubali, Mama.”

“Na leo alikubali?”

Jackton aliuliza amepelekwa wapi. Kavata akamtajia hospitali, akapanda ngazi bila kumuaga.

---

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana mwenye macho yaliyochoka. Alimkalisha kwenye benchi ya korido.

“Amepata kifafa cha kukosa pombe. Yuko sawa kwa sasa, tumempa dawa, analala. Nani alimkatiza pombe?”

“Mimi.”

“Ulimkatiza vipi?”

“Nilimfungia nyumbani.”

Daktari alimtazama kidogo. Hakufoka, na Jackton alitamani angefoka.

“Mtu aliyezoea kunywa kila siku hakatizwi ghafla hivyo bila dawa. Mwili unachanganyikiwa. Wengine hutetemeka tu. Wengine hufa. Ungerudi jioni ukampata amekufa, nyuma ya kufuli yako.”

“Sikujua.”

“Wengi hawajui. Sasa unajua.”

Cate alipopata nguvu ya kukaa kitandani, mshauri wa hospitali alikuja kuwaona. Aliitwa Nashon, mtu wa makamo, sauti ya chini. Aliwaeleza kuhusu kituo kimoja cha kutibu waraibu upande wa Limuru. Mtu hulala huko, hupewa dawa akihitaji, huzungumza na wenzake, na familia huitwa kuzungumza pia.

Cate alisikiliza hadi mwisho.

“Kuna geti?”

“Liko,” Nashon alisema.

“Na mlinzi?”

“Yupo.”

“Kwa hivyo mnanitoa kwa kufuli ya Jackton, mnanipeleka kwa kufuli yenu.”

“Geti ni la kuzuia pombe isiingizwe. Ukisema unataka kwenda, unafunguliwa. Hakuna anayeshikiliwa pale. Tukimshikilia mtu huwa haponi, huwa anangoja tu.”

“Basi mimi nasema nataka kwenda nyumbani.”

“Cate,” Jackton alisema.

“Wewe nyamaza. Tafadhali. Nilikupigia simu.”

Alisema hayo bila kumtazama, uso umeelekea ukutani.

Walirudi Kangemi na dawa za kumalizia. Fundi alinyoosha mlango wa vyuma, akauliza waweke kufuli ya aina gani, Jackton akasema wasiweke yoyote. Kwa siku kadhaa Cate alikunywa dawa zake na uji. Alipika, alikunja nguo, aliangalia runinga huku sauti imezimwa. Jackton akawa anaenda kazini na kurudi kila anapopata nafasi, akijifanya amesahau futi ya kupimia, amesahau kalamu ya kuchorea mbao. Simu ikilia alishtuka hadi msumeno ukamchana kidole. Usiku alikuwa macho, akisikiliza kama bomba la bafu limefunguliwa.

Akifunga mlango angemuua. Akiuacha wazi pia angemuua. Alizunguka katika mawazo hayo mawili kama ng'ombe aliyefungwa kambani, na kila akizunguka kamba ilizidi kufupika.

Dawa zilipoisha, Cate alitoka mchana mmoja kununua nyanya. Alirudi jioni bila nyanya. Alisimama mlangoni akijitahidi sana kusimama wima.

“Sema kitu,” alimwambia mumewe.

“Sina kitu.”

“Nitukane basi. Wewe hunitukani hata siku moja. Unaniangalia tu kama mtu anaangalia maiti.”

Jackton akamvua viatu, akamlaza. Kesho yake alikwenda kumtafuta Nashon.

---

“Umemwambia nani kuhusu hii shida?” Nashon alimwuliza.

“Hakuna.”

“Wakwe zako?”

“Wanajua ni vidonda vya tumbo.”

“Mama yako?”

“Vidonda vya tumbo.”

“Pasta?”

Jackton aliinamisha kichwa. Nashon akavuta kiti karibu.

“Kwa hivyo, duniani kote, mtu anayejua ukweli wa mke wako ni mmoja, na huyo mtu ndiye alikuwa akimfungia. Bwana Obuya, askari jela naye hulala jela. Umechoka?”

“Nimechoka hadi nikajichukia.” Kisha Jackton akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. “Kuna siku natamani akate roho tu tupumzike. Halafu nampikia uji. Huyu ni mtu ninampenda, na nawaza hivyo.”

“Wengi hufika hapo. Hawasemi.”

“Nifanye nini?”

“Huwezi kumponya. Unaweza kuacha kusaidia ugonjwa. Kufuli ilikuwa inasaidia ugonjwa, kwa sababu alikuwa anapigana na wewe badala ya pombe. Uongo nao unasaidia ugonjwa. Mwambie asubuhi, kabla hajanywa. Usimhubirie. Mwambie unachokiona, unachokiogopa, na kitu ambacho wewe hutafanya tena. Kisha ukifanye ulichosema. Hapo ndipo pagumu.”

Jackton alingoja asubuhi. Cate alikuwa ameketi kwenye stuli ya jikoni, shuka mabegani, akishikilia kikombe kwa mikono miwili.

“Nataka kukuambia kitu. Sitapiga kelele.”

“Hukuwahi kupiga.”

“Siku ile ulinipigia simu, ukasema hudanganyi. Nikakata. Nimekuwa nikiogopa tangu hapo. Naogopa utakufa. Sitakufungia tena, Cate. Hata ukiniomba mwenyewe. Na sitadanganya tena kwa niaba yako. Jumapili naenda Kinoo kumwona Ivyne. Baba yako akiniuliza tumbo lako linaendeleaje, sitasema tumbo.”

Kikombe kiligonga meza.

“Unanitisha.”

“Nakuambia mapema ili usije ukajua mbele ya watu.”

“Unajua baba yangu ni nani? Ni mzee wa kanisa. Atamchukua Ivyne moja kwa moja. Hatanirudishia mtoto mimi.”

“Sijui atafanya nini.”

“Ukisema, nakuacha. Kumbe unajiona mwanaume sana leo. Ukisema, mimi na wewe tumeisha.”

“Nitaumia sana,” Jackton alisema. “Lakini siwezi kuurudia ule uongo. Ulikaribia kukuua. Twende wote kama unataka. Kile kituo bado wana nafasi, nimeuliza. Ukikubali, nitakuwa na wewe. Ukikataa, bado Jumapili naenda.”

Cate alisimama, akavaa sweta, akachukua mkoba. Mlango haukuwa na kitu cha kumzuia. Jackton alibaki ameketi, mikono chini ya mapaja kama mtoto, kwa sababu hakuiamini. Alisikia hatua zikishuka ngazi. Hakumfuata.

Jioni akapata ujumbe:

“Niko salama. Usinitafute.”

Akamjibu: “Sawa. Nakupenda.”

Hakujibiwa. Siku zilizobaki kabla ya Jumapili alizipitisha akisugua mbao kwa msasa, kazi ambayo haikuhitajika. Kavata alimletea chapati, akaziweka mezani, akaketi.

“Ni pombe, sivyo?” aliuliza.

Jackton alihisi lile neno la tumbo likipanda kooni kwa mazoea. Akalimeza.

“Ni pombe, Mama.”

“Ndugu yangu alikuwa hivyo,” Kavata alisema. “Kula, Baba Ivyne. Ukianguka na wewe, nani atamngojea?”

---

Jumapili alifika Kinoo maneno ameyapanga, na yote yakampotea alipoingia uani. Cate alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya jikoni pamoja na mamake, wakimenya viazi. Alikuwa amevaa nguo ya mamake. Uso ulikuwa umepauka, kisu kilikuwa kikimcheza mkononi, na maganda yalikuwa manene kuliko viazi.

“Alifika jana,” mamake alisema kwa furaha. “Tumbo limemsumbua usiku kucha, lakini ameamka. Karibu, mwanangu.”

Jackton alimtazama mkewe. Cate akatikisa kichwa kidogo sana: bado.

Walikula ndani. Mzee Kiragu, babake Cate, aliomba, akagawa nyama, akauliza habari za kazi. Alikuwa mzee mrefu asiyependa maneno, mwenye nyumba chache za kupangisha na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Ivyne alikula haraka, akakimbia kwenda kucheza. Ndipo mzee akageuka.

“Na hilo tumbo, Jackton? Daktari anasema nini?”

Jackton aliweka uma chini.

“Baba—”

“Ngoja,” Cate alisema. “Ni langu la kusema.”

Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

“Baba, mimi sina vidonda vya tumbo. Sijawahi kuwa navyo. Mimi ninakunywa. Nilifutwa kazi kwa sababu ya pombe. Ivyne yuko hapa kwa sababu ya pombe. Mama, ile juisi ya kabichi nilikuwa naimwaga, unisamehe. Jana na leo sijanywa ila kidogo, ya kunizuia nisipate kifafa tena. Ndiyo, nilipata kifafa. Jackton alikuwa akinifungia nyumbani, na mimi ndiye nilimwambia anifungie. Nimechoka. Sijui kuacha.”

Mamake alijifunika mdomo kwa leso. Mzee Kiragu hakusogea. Nje Ivyne alikuwa akihesabu kwa sauti, akicheza kuruka kamba.

“Nilijua,” mzee alisema.

Cate akainua uso.

“Krismasi ulinikumbatia, nikanusa. Nilijua. Watu wakiniuliza, nami nikawaambia ni vidonda vya tumbo.”

“Baba, kwa nini hukuniuliza?”

Mzee alizungumza bila kumtazama mtu.

“Ulimjua anko wako Mwaura?”

“Alikufa nikiwa mdogo. Mapafu.”

“Si mapafu. Mwaura alikuwa analala kwa hicho chumba cha nyuma. Baba yetu alimfungia humo akisema ni aibu ya boma. Alitetemeka, akalia usiku kucha. Mama yako alikuwa amekwenda kwao nawe, lakini sisi tulikuwa tunasikia. Asubuhi akawa kimya, tukadhani amelala. Tukamzika tukisema mapafu. Mimi ndiye nilikuwa nimebeba ufunguo.”

Mama Cate, mke wake wa miaka mingi, alimtazama kana kwamba ameketi na mgeni.

“Hata mimi hukuniambia,” alisema.

“Hata wewe.” Mzee akasukuma sahani kando. “Nilipoona dalili kwa huyu mtoto, niliogopa kuuliza. Nilijiambia ni tumbo. Wanjira, kama kuna mahali pa kutibiwa, niambieni. Gharama ni yangu. Na mtoto ni wako. Hapa yuko kwa nyumba yangu mimi, guka wake, anakungoja. Hakuna wa kukunyang'anya.”

Cate alilia basi, kwa sauti, kichwa juu ya meza, kati ya sahani. Jackton alitaka kumshika bega, akaogopa. Mamake ndiye aliyemshika.

Walipokuwa wakiondoka mezani, Cate alimwambia mumewe bila kugeuka:

“Bado nimekukasirikia.”

“Najua.”

“Kile kituo. Ulisema wana nafasi?”

“Wanayo.”

“Kesho asubuhi basi. Keshokutwa nitakuwa nimebadilisha mawazo.”

---

Walikwenda na pikapu ya mzee, Jackton akiendesha, ukungu umelala juu ya mashamba ya majani chai. Walipoliona geti, Cate alishika dashibodi.

“Simamisha.”

Akasimamisha.

“Nikikuambia ugeuze?”

“Nitageuza.”

“Kweli?”

“Nitageuza, turudi Kinoo, unywe chai, na kesho nitakuuliza tena.”

“Wewe unataka nini? Si mambo ya Nashon. Wewe.”

“Nataka uingie. Nataka hadi najihisi mgonjwa. Lakini sitakushika mkono nikuvute.”

Cate alitazama geti kwa muda mrefu. Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, akawaangalia, akarudi ndani.

“Mtu anaingia kwa jela na miguu yake,” alisema. “Umewahi kuona?”

“Sijawahi.”

Akafungua mlango wa gari, akachukua begi lake. Alitembea vibaya, kama aliyeugua muda mrefu, akasimama mara moja katikati ya njia, na Jackton akashikilia usukani mpaka vidole vikauma. Kisha akaendelea. Akaandika jina lake kwa mlinzi, akaingia. Hakupunga mkono.

Wiki za kwanza hakuruhusiwa simu. Jackton alirudi nyumbani, akalala usingizi mzito kama mtu aliyelishwa dawa, akaamka akilia bila kujua kwa nini. Alimpigia mamake Ugenya, akamweleza kila kitu. Mama akasema, “Na wewe, nani anakupikia?” Huo ndio ulikuwa msamaha wake.

Siku ya kikao cha familia waliketi wanne kwenye chumba kidogo: Cate, Jackton, Mzee Kiragu na mshauri wa kituo. Cate alikuwa ameongeza mwili. Macho yalikuwa safi. Alimgeukia mumewe.

“Nimefundishwa niseme kilicho moyoni, si kukuumiza. Ulikata simu.”

“Nilikata.”

“Nilikuwa nimekudanganya mara nyingi, najua. Lakini siku ile ndiyo siku nilisema ukweli. Nilisema ukweli, na mlango ukabaki umefungwa. Nikiwa sakafuni, kabla sijapoteza fahamu, nilifikiri: hata ukweli haufai kitu.”

Jackton hakutafuta kisingizio. Hakusema kufuli ilikuwa wazo lake Cate. Hakusema alikuwa kazini.

“Nilikuwa nimechoka kukuamini,” alisema. “Nikachagua kutokukuamini, kwa sababu ilikuwa rahisi. Ningekuzika, Cate. Ningekuzika nikisema vidonda vya tumbo. Samahani.”

Mzee Kiragu alivua kofia, akaiweka magotini, akaanza kulia kimya kimya kwa ajili ya nduguye.

Cate alimshika babake mkono. Mkono wa pili hakumpa mumewe, si siku hiyo.

---

Cate alipomaliza matibabu, Jackton alikuwa amepaka nyumba ya Kangemi rangi. Alikuja kumchukua akiwa amevaa shati jipya. Cate alisikiliza habari za rangi, akatabasamu, kisha akasema:

“Sirudi Kangemi.”

“Sawa,” Jackton alisema.

“Sijasema sikutaki. Ile nyumba, nikipanda zile ngazi, mwili wangu utakumbuka. Nitakaa Kinoo na Ivyne. Kuna kikundi cha watu waliotibiwa, kinakutana kanisani, nitakuwa naenda. Na sisi...” Alitafuta neno. “Sisi hatujuani sana, Jackton. Wewe ulikuwa unaishi na mlevi, mimi nilikuwa naishi na askari. Nataka uje kunitembelea. Kama mtu anayetafuta mke.”

“Nianze upya?”

“Uanze upya. Na mimi naweza kukukataa.”

Jumamosi iliyofuata Jackton alifika Kinoo na mkate na sukari. Mzee Kiragu alimkuta uani, akamtazama kuanzia viatu.

“Umekuja kumwona nani?”

“Cate, Baba.”

“Anajua unakuja?”

“Anajua.”

“Basi keti. Tutaona kama atatoka.”

Ivyne alicheka, akakimbia ndani kumwita mamake. Cate alitoka na vikombe viwili vya chai, akaketi kwenye benchi, akaacha nafasi kati yao. Walizungumza juu ya shule ya Ivyne, juu ya kabati ambazo Jackton alikuwa akitengeneza, juu ya ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa Cate. Chai ilipopungua, Cate akaweka kikombe chini.

“Jana nilitaka kunywa,” alisema. “Nilipita pale kwa duka la pombe, nikasimama. Nilisimama muda. Sikuingia, lakini nilitaka sana. Hata sasa nataka kidogo.”

Zamani Jackton angenusa pumzi yake. Angetazama mkoba. Angeuliza swali moja mara tatu, kwa njia tatu, kumtega.

“Ilikuwaje?” aliuliza.

Cate alimtazama, akitafuta mtego usoni mwake. Hakuuona. Akasogea kidogo kwenye benchi, akaanza kumweleza.